Mimi, Domitila na Mutobe wa Bibi Sabina

Siku yangu ya kwanza kazini Kibondo ilikuwa ya mvua, na Matroni alinipokea mlangoni bila kunipa pole ya safari. Nilikuwa nimetoka Singida, nikapanda treni hadi Kigoma, kisha nikakaa juu ya magunia ya chumvi kwenye lori lililopitia Kasulu na kupanda vilima hadi kwake. Alinitazama miguu, akaona viatu vya kisigino. "Hivyo viweke, utavaa sikukuu," akasema. "Hapa kliniki inakwenda kwa miguu." Akanipa viatu vya mpira vilivyoachwa na nesi aliyehamishwa. Vilikuwa vikubwa kwangu, nikavivaa hivyo hivyo.

Mimi ni Mnyaturu, naitwa Mwajuma. Wakati huo, katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa nimemaliza mafunzo ya uuguzi na kupangiwa huduma ya mama na mtoto. Watu ndiyo kwanza walikuwa wamehamia vijiji vya ujamaa, nyumba zao bado zinanuka udongo mbichi, na sisi tulitakiwa kuwafuata huko huko. Tuliiita kliniki ya mkoba, kwa sababu haikuwa na jengo. Mnatoka alfajiri na chanjo ndani ya kasha la barafu, kadi za watoto na mizani. Mkifika mnaomba ghala au ofisi ya kijiji, mnatundika mizani kwenye boriti, na akina mama wanapanga mstari. Mtoto anavalishwa kaptura ya turubai yenye kamba, anatundikwa kwenye ndoano, analia, mshale unazunguka, nawe unaweka nukta kwenye kadi yake. Nukta zikipanda mwezi hadi mwezi, mtoto anakua. Zikilala au zikishuka, una kazi.

Mizani ile nilikabidhiwa mimi. Niliifuta mwenyewe na kuibeba mwenyewe hata dereva wa wilaya alipojitolea kunipokea, na kabla ya kutoka niliijaribu kwa jiwe nililolijua uzito wake, nione kama haidanganyi. Mtu mwingine hakuigusa. Nasema hivi mapema ili mnijue: mimi ni mtu wa wivu. Kanga zinasema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga, nilifanya kazi mpaka nikastaafu.

Mwaka uliofuata akaja Domitila. Tulikuwa na cheti cha namna moja na cheo kimoja, ila yeye alikuwa Muha wa Kibondo hapo hapo, mzaliwa wa vilima vya upande wa Mabamba. Mimi nilifundisha nimesimama, kwa Kiswahili safi, na picha zangu za ukutani zilizochorwa vizuri, mwenyekiti wa kijiji akinitafsiria. Akina mama walinisikiliza na kunipigia makofi. Kisha Domitila alikaa katikati yao kwenye mkeka, akasema maneno mawili matatu ya Kiha, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mimi sijui wanacheka nini. Nilihisi wananicheka mimi. Mcheza kwao hutunzwa, nilijiambia, lakini msemo huo haumtulizi anayecheza ugenini. Muda si mrefu hata foleni ya chanjo ikawa inapinda kuelekea kwake. Mama mwenye mtoto anayelia alinipita mimi niliyekuwa karibu na kumpelekea yeye aliyekuwa mbali.

Shida yetu kubwa katika vijiji vile haikuwa njaa. Ilikuwa utamu. Ninyi vijana mnadhani sukari kwa watoto wachanga imeletwa na vinywaji vya siku hizi, kwa hiyo acheni niwaeleze. Soda zilikuwapo mjini, chache, na baba mwenye nacho alijivunia kumletea mwanawe chupa moja. Chai ya rangi yenye sukari ilitiwa kwenye chupa ya chuchu ya mpira. Lakini zaidi ilikuwa asali iliyokorogwa kwa maji, na mutobe. Mutobe ni maji ya ndizi mbivu zilizokamuliwa, kabla hayajachachuka kuwa pombe, na utamu wake unaishinda soda. Mtoto hajafikia hata uji, anapewa kwa kidole au kwa kibuyu kidogo. Tumbo likijaa utamu hanyonyi. Titi lisiponyonywa, maziwa yanapungua, na maziwa yakipungua utamu unaongezwa. Kibuyu nacho hakioshwi vizuri, kwa hiyo kuhara kunafuata. Mwisho wake ni nyongea, yaani mtoto kukonda mpaka uso unakuwa wa mzee, au unyafuzi, ambapo miguu inavimba na nywele zinafifia rangi.

Matroni, mama wa Kipare asiyependa maneno mengi, alitufundisha namna ya kulisema jambo hilo. "Msimwambie mama anamuua mwanawe," alisema. "Mwambieni tumbo la mwanawe ni dogo, halafu mwacheni aamue nani aingie kwanza." Nililiingiza hilo kwenye somo langu, nikalikariri, nikaliimarisha. Naweza kulitoa hata sasa, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea.

Katika kijiji kimoja njia ya Mabamba alikuwapo mtoto anaitwa Lazaro. Mama yake, Yudita, alikuwa msichana mdogo aliyeolewa na mtoto wa Bibi Sabina, mtoto pekee aliyembakia bibi huyo. Yudita alikwenda shamba la kijiji tangu asubuhi, kama walivyotakiwa wote wenye nguvu, na Lazaro alibaki na bibi yake. Mara ya kwanza nilipomtundika alikuwa kitoto cha kupendeza. Mwezi uliofuata nukta ikalala. Mwezi mwingine ikashuka, na kaptura ikamlegea mapajani. Nilijua tukiendelea hivyo, siku moja tutakuja kijijini pale na tusimkute. Nilitaka mtoto yule apone kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine. Na nilitaka aponee mikononi mwangu, Domitila akiona.

Nilikwenda nyumbani kwao na picha zangu. Bibi Sabina alikaa akanisikiliza kwa adabu zote, Lazaro mapajani, kibuyu cha mutobe pembeni. Nilitoa somo zima. Nilipomaliza alisema jambo kwa Kiha, polepole, akimtazama mtoto, na Domitila akanitafsiria.

"Anasema mama yake ana maziwa. Baba yake ana shamba. Yeye ana nini cha kumpa ili amkumbuke?"

Nilijibu kwamba mtoto aliyekufa hamkumbuki mtu. Domitila hakulitafsiri neno hilo. Tulipotoka nilimuuliza kwa nini, akasema hakuna haja, bibi yule ameshazika wanawe, analijua kuliko sisi. Kisha akaniomba arudi pale kesho yake, peke yake. Nikamwambia kama ni kurudi, tutarudi wote. Sikuona kwa nini aende mwenyewe akapate sifa mwenyewe.

Tukarudi wote. Kiha changu kilikuwa kimeshakua kiasi cha kuokota maneno ya kawaida, mengine Domitila alinijazia njiani, kwa hiyo nilikaa pembeni. Bibi Sabina alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Domitila akasogea, akaanza kuchambua naye, na hakuutaja mutobe hata kidogo. Aliuliza nani na nani wamekuja kumwona mtoto. Bibi akawataja kwa fahari: mke wa mwenyekiti, shangazi wa ng'ambo ya mto, na jirani mmoja mwenye migomba mingi. Kila mmoja alikuja na kibuyu chake na kumlambisha Lazaro. Sisemi Waha wote, nasema nilichokiona kijiji kile: hakuna aliyekwenda kumwona mtoto mikono mitupu, na zawadi ya mtoto ilipitia mdomoni. Domitila akauliza, kama mtu asiye na neno, kama Lazaro huwachekea wageni hao. Bibi akasema huwachekea wote, mjukuu wake ana roho nzuri.

"Basi hajajua bibi yake ni yupi," Domitila akasema. "Mdomo wa mtoto unajua utamu, haujui mkono. Huyo mwenye migomba mingi ndiye atakuwa bibi yake."

Bibi Sabina aliacha kuchambua. Uso wake ulibadilika, na mimi niliutambua mara moja, maana ni uso ninaouona kwenye kioo. Akasema migomba yake ni michache, sasa afanye nini. Domitila akamwambia hatawashinda kwa utamu, asijisumbue. Ila kama hakuna mtu atakayetia kitu mdomoni mwa mtoto yule, basi mtoto atashika mgongo unaombeba. Nani anambeba? Bibi akasema ni yeye. Na nani anaweza kumpeleka shambani kwa mama yake akanyonye, kisha akamrudisha? Bibi akasema tena ni yeye.

Tangu hapo Bibi Sabina akawa askari. Mke wa mwenyekiti alirudishwa mlangoni na kibuyu chake. Shangazi alinuna akavuka mto kurudi kwao. Baba mtu mwenyewe aliporudi kutoka mjini na soda aliinywa nje, mama yake amesimama anamtazama mpaka chupa ikaisha. Asubuhi jua likishapanda, na tena mchana, watu wa shamba la kijiji walimwona bibi anakuja kwenye matuta na mtoto mgongoni, na Yudita anaweka jembe chini, anakaa, ananyonyesha. Balozi wa nyumba kumi alinung'unika kwamba kazi inasimama. Bibi alimjibu kwa Kiha maneno ambayo Domitila hakukubali kunitafsiria. Mutobe wake mwenyewe aliuacha ukachachuka, wazee wakaunywa.

Kliniki iliyofuata nilimtundika Lazaro, na mshale ukapita pale ulipokuwa ukisimama. Niliangalia mara ya pili. Nilifurahi, Mungu ni shahidi yangu. Kisha akina mama wakamzunguka Domitila wakimshika mikono, Bibi Sabina mbele yao, na mimi nimebaki na kaptura mkononi. Nilikuwa nimetembea njia ile ile aliyotembea yeye, na mvua ile ile imeninyeshea, na hakuna aliyenishika hata kidole.

Wakati wa kurudi nilimuuliza ni wapi alikofundishwa vile, kwa sababu chuoni kwangu hatukufundishwa.

"Kwako, dada," akasema.

"Kwangu? Lini?"

"Mizani. Tangu nimekuja hujaniachia niitundike hata siku moja. Unaifuta, unaibeba, unaijaribu kwa jiwe lako. Wilaya nzima hakuna mizani iliyotunzwa kama hiyo. Nikaona mtu mwenye wivu na kitu chake hangoji kuambiwa akitunze. Yule bibi alikuwa na wivu mwingi, ila aliuelekeza kwenye kibuyu. Nimeugeuza tu."

Nilitangulia mbele na mizani yangu begani, na kwa muda mrefu sana sikuweza kuamua kama nilikuwa nimeshukuriwa au nimetukanwa. Ninachojua ni kwamba alikuwa amenisoma, na mimi sikuwa nimemsoma yeye, na hilo nalo nikalionea wivu.

Mganga Mkuu wa Wilaya alipokuja kukagua, alimwona Lazaro amenenepa, akauliza kazi hii ni ya nani. Kijiji kizima kikajibu jina moja. Nilikuwa nimesimama mita chache kutoka kwake, nimemshika mtoto mwenyewe. Habari ilifika mkoani, na Domitila akaitwa Kasulu kuwa mwalimu wa lishe, afundishe wengine kusema na mabibi. Matroni aliniita ofisini akaniuliza mimi nataka kupelekwa wapi, maana nilikuwa na haki ya kuhama. Nikasema Kasulu.

"Kwa Domitila? Si humpendi wewe."

"Nikimwacha peke yake ataharibu kazi," nikasema.

Matroni alicheka, na sikuwahi kumwona akicheka kabla ya hapo. Barua yangu ya uhamisho ilikuja kabla ya kiangazi kuisha.

Kasulu nilikuwa msaidizi wake, na nililimeza hilo kama kwinini. Lakini Kasulu haikuwa Kibondo. Pale kulikuwa na maduka, wafanyabiashara wenye jamaa Ujiji na pwani, na wafanyakazi wa serikali kutoka kila mkoa, na wake zao hawakuwa na habari ya mutobe. Wao walikuwa na glukosi ya kopo, maziwa mazito ya sukari, na chupa ya chuchu iliyovikwa kofia ya kufuma, iwekwe mezani wageni waione. Mabibi zao walikuwa mbali, kwa hiyo mbinu ya Domitila haikuwa na wa kumgeuza. Alijaribu, wakamwona mshamba.

Hapo nikapata uwanja wangu. Nilikuwa mgeni kama wao, Kiswahili changu kilikuwa chao, na nilijua kwamba mke wa karani hamwogopi nesi, anamwogopa mke wa karani mwingine. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikanywa chai zao, kisha nikaomba chupa ya mtoto, nikafungua chuchu ya mpira na kuigeuza ndani nje mbele ya wageni wao. Mliowahi kuigeuza mnajua kilichomo, na harufu yake. Sikuongeza neno. Kofia za kufuma zilianza kupotea mezani, na mama mmoja baada ya mwingine akaja kuniuliza faraghani kama maziwa yaliyopungua yanaweza kurudi. Niliwaambia yanarudi, mtoto akipewa titi mara kwa mara na akinyimwa vingine, na nikakaa nao mpaka yakarudi.

Mlidhani wivu uliishia hapo. Domitila alinisifu hadharani, mbele ya Mganga Mkuu wa Kasulu na wanafunzi wote, akasema mjini mwalimu ni Mwajuma, yeye hawezi. Hamjui jinsi sifa inavyouma ikitoka kwa mtu unayetaka kumshinda. Alinipa kwa mikono miwili kitu nilichokuwa nataka kumnyang'anya. Tulifanya kazi hivyo miaka yote iliyobaki, yeye vijijini, mimi mjini, kila mmoja akiuliza kwa mwenzake habari za watoto na kujifanya anauliza kwa ajili ya watoto tu. Nilipohamishwa nilirudi. Alipohamishwa alirudi. Tulistaafu tukajenga Kasulu, vilima viwili vinavyotazamana, na nikapanda parachichi nilipoona amepanda.

Sasa nyinyi mnaofanya kazi hii leo huniuliza siri yake ni nini, kwa sababu mna redio, mna simu, mna mabango yenye rangi, na bado mama anampa mtoto mchanga juisi ya pakiti. Nawaambia hakuna mzazi anayempa mtoto sukari kwa kumchukia. Tafuteni nani ndani ya nyumba hiyo anataka kupendwa na mtoto, na anashindana na nani. Mkishamjua, mpeni kazi nyingine ya mapenzi. Na ninyi wenyewe msione haya kuwa na wivu na mwenzenu anayewazidi. Nisingekuwa na wivu, ningebaki na picha zangu za ukutani mpaka leo.

Domitila alifariki wakati wa mavuno ya maharage. Msiba ule ulijaza kilima. Watu walitoka Kibondo kwa malori, watu wazima wenye mvi, kila mmoja anasema mimi ni mtoto wake, mimi nilikuwa nakufa. Lazaro alikuwapo, jitu la kifua kipana, akatupa udongo kaburini kwa mikono yote miwili. Alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo mama," akaniuliza marehemu nilimfahamu wapi. Nikamwambia kazini. Akanipa pole, akaenda zake kwa wenzake. Nawaambieni ukweli, hata msiba ule niliuonea wivu. Niliwahesabu waombolezaji kwa macho nikajua wangu hawatafika nusu.

Baadaye, siku ya gulio, nilikwenda sokoni kununua dagaa na mawese. Nyuma ya meza ya nyanya aliketi binti na mtoto mchanga mapajani, anamtilia soda ya machungwa kwa kifuniko cha chupa, tone kwa tone, na mtoto anaramba. Nilikaa kwenye gunia lake tupu. Nilimwambia tumbo la mwanawe ni dogo, na mengine yanayopasa kuambiwa, kwa Kiha changu cha kuokoteza. Binti alianza kucheka, na wauza nyanya wenzake wakacheka, wakanirekebisha matamshi, nami nikacheka nao kwa sababu safari hii nilielewa wanacheka nini. Kisha akaimwaga soda chini, yote, akamgeuza mtoto na kumpa titi, na mtoto akashika. Wanawake wale wakanishika mikono.

Nikageuka kumtafuta Domitila, aone.